Miraa Haiendi Ishiara

Ripoti ya maabara ya serikali ilifika Meru Alhamisi asubuhi, saa mbili na dakika kumi. Ilikuwa na kurasa mbili. Inspekta Maxine Runji alianza na ya pili, penye majibu. Damu iliyokuwa kwenye leso ya Kinya haikuwa ya Kinya. Haikuwa ya binadamu. Ilikuwa ya mbuzi.

Alimpa Konstebo Mithika karatasi hiyo. Mithika aliisoma akiwa amesimama.

"Mbuzi," alisema. "Siku ishirini na sita tunaomboleza mbuzi, Madam."

"Hatujui tunaomboleza nani. Tunajua tu kwamba leso hii haithibitishi kitu. Nani aliiokota?"

"Kailemia. Shemeji yake."

"Lini?"

Mithika hakuhitaji faili. "Siku ya nne. Pale mtoni, mahali sisi tulipita siku ya pili na ya tatu, na mbwa tukiwa naye."

"Iandike. Siku, saa, na majina ya waliokuwa kwenye msako."

Kinya alikuwa mjane wa miaka ishirini na minane, mkazi wa Muthara huko Tigania, mwenye mimba ya miezi minane. Mumewe, Mutuma, alikufa mwezi wa Machi katika ajali ya barabarani, akamwachia nyumba na ekari tatu. Katikati ya Septemba Kinya alionekana akiingia kwenye pikapu ya Bundi, rafiki wa marehemu mumewe, na hakuonekana tena. Bundi alikamatwa siku ya tano. Mtu mmoja mwenye kipindi cha mauaji mtandaoni, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga Muthara, alitoa sehemu tatu kuhusu kesi hiyo. Baada ya sehemu ya pili watu waliingia shambani kwa mama yake Bundi wakakata miraa yake yote, miti ishirini na minne iliyopandwa na babu wa mumewe. Mwili ulikuwa haujapatikana. Faili ilifika mezani kwa Maxine Jumatatu, baada ya afisa wa kwanza kuhamishwa. Sasa ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa saa tatu asubuhi Bundi angesomewa shtaka la mauaji mbele ya jaji.

Maxine alimpigia simu wakili wa serikali.

"Toa hiyo damu," wakili alisema, "bado tunaye mtu wa mwisho kuonekana na huyo mama, na tuna uongo wake. Kwanza alisema siku hiyo alikuwa mjini Maua. Simu yake ikaonyesha Ishiara, huko Embu. Akabadilisha maelezo. Inspekta, nje ya ofisi yangu kuna watu wana mabango. Nikiondoa shtaka kwa sababu ya mbuzi, watasema nimehongwa."

"Ukimshtaki atakaa rumande mwaka mzima akingoja kesi isiyo na mwili."

"Basi niletee mwili. Au niletee mwanamke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jaji aketi."

Maxine alikata simu, akafungua faili upya kuanzia karatasi ya kwanza. Afisa aliyemtangulia alikuwa amepigia mistari kamba na jembe vilivyokutwa kwenye pikapu. Kila pikapu ya Tigania ina kamba na jembe. Maxine aliviruka, akaenda kwenye orodha ya vitu vilivyokutwa nyumbani kwa Kinya: simu moja, jozi tatu za viatu, nguo, cheti cha ndoa, Biblia, picha za harusi. Halafu akasoma maelezo ya nesi wa zahanati ya Muthara. Nesi alisema Kinya hakukosa kliniki hata mwezi mmoja, na kila mara alikuja na kitabu chake.

Alirudi kwenye orodha. Aliisoma mara mbili, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Mithika. Kitabu cha kliniki kiko wapi?"

"Kama hakiko kwa orodha, hakiko."

"Mwanamke ameacha simu, ameacha viatu, ameacha cheti cha ndoa. Amebeba kitabu cha kliniki. Alikuwa anaenda wapi?"

Mithika alikuna kidevu. "Kuzaa."

"Sasa soma hapa." Alimsogezea maelezo ya pili ya Bundi, yaliyoandikwa na sajini aliyehamishiwa Meru kutoka Kwale wiki chache kabla. "Wewe ni mtu wa Tigania. Niambie kama kuna kitu."

Mithika alisoma hadi katikati, akacheka kwa sauti. "Ati alipeleka miraa Ishiara? Magunia sita?"

"Kuna nini?"

"Madam, nani atapeleka miraa Ishiara? Wale wanakula muguka wao, yale majani ya kwao. Ukiwapelekea miraa ni kama umewatukana. Hata bure hawachukui."

"Mimi ni wa Manyatta, huko huko Embu, najua. Nilitaka kusikia kutoka kwa mtu wa upande wenu."

"Sasa Bundi naye, dereva mzima wa miraa, akadanganya hivyo?"

"Aliulizwa na mtu asiyejua tofauti. Alisema kitu cha kwanza kilichomjia, na sajini akaandika."

Bundi alikuwa kwenye seli ya mwisho. Walimleta chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikaa, akatazama meza.

"Ulipeleka miraa Ishiara," Maxine alisema.

"Eeh."

"Nani alinunua?"

"Watu."

"Watu wa Ishiara."

Mithika, aliyeegemea ukuta, aliguna. "Bundi wee. Utafukuzwa Tigania kwa aibu."

Bundi karibu atabasamu, kisha akajizuia. Maxine aliliona hilo, akaendelea kwa sauti ile ile.

"Sikuulizi umemzika wapi. Nauliza kitabu cha kliniki alikiweka kwenye mfuko gani."

Bundi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama Mithika, akatazama mlango, halafu akamtazama Maxine.

"Ni nani mwingine anajua hiyo ya kitabu?"

"Mimi na konstebo."

"Hapa stesheni?"

"Hapa stesheni."

"Mimi sijui kitu," alisema Bundi. "Nipelekeni kortini kesho."

Maxine hakumlazimisha. Alisubiri mpaka walipofika kwenye gari.

"Muuaji huuliza tunajua nini," alimwambia Mithika. "Huyu ameuliza nani anajua. Anaogopa habari ikitoka humu ndani itafika mahali. Zima redio. Tukiulizwa, tumeenda Nkubu kwa mambo ya wizi wa ng'ombe."

Walishika barabara ya Mitunguu na Chiakariga kuelekea Ishiara. Baridi ya mlima iliisha, mashamba ya chai na migomba yakabaki nyuma, na kufikia saa tano gari lilikuwa kwenye joto la Mbeere, vumbi jekundu likiingia kwa dirisha. Mithika alivua sweta.

Kituo cha afya kiliwapotezea saa nzima. Katika kitabu cha wazazi hapakuwa na Kinya. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyeandikwa kuwa ametoka Tigania, jina Mwendwa, aliyejifungua siku kumi na mbili zilizopita. Tarehe zililingana, kabila lililingana, umri ulilingana. Walimkuta nyumba ya tatu nyuma ya posho mili, kinu cha unga. Alikuwa mke wa fundi wa visima, mrefu, mwenye mwanya, na picha ya harusi ukutani. Hakuwa Kinya. Alipojua wametoka Meru aliwauliza kama mvua imeanza kwao. Mithika akamwambia bado.

"Tumemaliza," Mithika alisema walipotoka.

"Hatujamaliza. Hakuzalia hospitali, kwa hiyo amezalia kwenye nyumba. Aliye kwenye nyumba lazima ale. Twende sokoni, kwa wauzaji wa njahi, yale maharagwe ya kuongeza maziwa."

"Ah." Mithika aliongeza mwendo. "Hiyo hata mimi nilipaswa kufikiria. Mke wangu alikula njahi mpaka akaichukia pamoja na mimi."

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Wauza nafaka walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha mabati, magunia yamekunjwa midomo: ndengu, kunde, mbaazi, wimbi. Njahi ilikuwa kwa mwanamke mmoja tu, mnene, mwenye kofia ya chama cha ushirika, aliyeitwa Wambeti. Maxine alimwamkia kwa Kiembu, akachota punje nyeusi kwa kiganja na kuzipuliza.

Wambeti alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Unanyonyesha?"

"Hapana."

"Basi chukua ndengu. Njahi waachie wenye kazi."

"Na siku hizi wenye kazi hapa ni akina nani?"

"Wako." Wambeti alihesabu kwa vidole. "Bibi ya mwenye posho mili. Msichana wa pasta, yule mdogo. Yule mrefu wa fundi wa visima. Na Mwalimu Ruguru."

"Mwalimu naye amezaa?"

Wambeti alicheka mpaka akashika gunia. "Mwalimu! Amestaafu mwaka wa sita huu, na hajawahi kuolewa. Mimi mwenyewe nilimuuliza. Akaniambia ni ya damu, ati daktari amemwambia aongeze damu. Nikamwambia sawa. Lakini kilo nne kila soko, na wimbi ya uji juu yake? Hiyo damu ni ya kijiji kizima?"

"Alianza lini?"

"Soko la nne hili. Zamani alikuwa mtu wa ndengu kilo moja, na anachagua kama anachagua bwana."

"Alifundisha hapa?"

"Hapa wapi. Alifundisha Meru miaka yote, huko Tigania, shule ya wasichana. Alirudi kwao kupumzika." Wambeti aliacha kucheka. Alitazama viatu vya Maxine, vyeusi, vya kufunga. "Kwani wewe ni nani?"

"Nipimie kilo mbili," Maxine alisema.

Nyumba ya Mwalimu Ruguru ilikuwa ya mawe, upande wa juu wa mji, yenye ua wa mikonge na tangi la maji. Mwalimu alikuwa anafagia uwanja. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Alipoona gari likisimama hakuacha kufagia. Alifagia mpaka akafika kati yao na mlango, akasimama hapo.

"Mwalimu, hujambo. Mimi ni Inspekta Runji, kutoka Meru. Huyu ni Konstebo Mithika."

"Sijambo. Mna hati ya kupekua?"

"Hatuna."

"Basi mmefika mwisho wa safari. Kama mnataka maji, yako kwenye tangi."

"Sitapekua," Maxine alisema. "Nina mambo manne ya kusema, na nitayasemea hapa nje. La kwanza, damu iliyokuwa kwenye leso ya Kinya ni ya mbuzi, na leso hiyo iliokotwa na Kailemia. La pili, hakuna mtu stesheni anayejua tuko hapa. La tatu, Kinya aliwahi kwenda kituo cha polisi mwezi wa Agosti. Hilo nalikisia, maana jirani alisema mlango wake uliwashwa moto mwezi huo. Nimetafuta ripoti yake kwenye kitabu cha matukio, kurasa zote za Agosti, sikuiona."

"Na la nne?"

"Kesho saa tatu Bundi anasomewa shtaka la kumuua. Amekaa seli siku ishirini na moja, na hajasema."

Mwalimu alifunga macho kwa muda mfupi. "Hilo ungeacha," alisema kwa sauti ndogo. "Hilo hakuwa—"

Mlango nyuma yake ulifunguliwa. Mwanamke aliyesimama hapo alikuwa na leso mbili mabegani na miguu mitupu. Maxine aliangalia kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, lile lililotajwa kwenye maelezo ya mama yake, na akahisi mabega yake yakishuka. Hakujua kwamba alikuwa ameyapandisha tangu Jumatatu.

"Bundi amekamatwa?" Kinya aliuliza. Hakuwa anamuuliza Maxine. "Mwalimu? Amekamatwa?"

"Ulikuwa na homa, mwanangu. Ungekosa maziwa."

"Siku ishirini na moja! Uliniambia amekwenda Nairobi kutafuta kazi!"

"Nilikuambia nilichoweza kukuambia."

"Nilikuwa darasani kwako miaka minne, Mwalimu. Ulimchapa mwenzetu Nkatha viboko kwa kudanganya kuhusu daftari."

Mwalimu Ruguru aliegemeza ufagio ukutani. Mithika aliinama kuangalia matairi.

Waliingia ndani. Maxine alikaa kwenye kiti cha mbao, akatoa fomu za maelezo na kalamu mbili. Mtoto alikuwa kwenye karai kubwa lililotandikwa blanketi, amelala, uso umekunjamana. Sufuria ya njahi ilikuwa jikoni, na kando yake jagi la uji wa wimbi lililofunikwa kwa sahani. Kitabu cha kliniki kilikuwa juu ya rafu, kati ya kamusi mbili. Mwalimu alisema mkunga alikuwa dada yake mkubwa, aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini. Maxine aliandika jina la mkunga.

Kinya alisema taratibu, na Maxine aliandika kila sentensi kabla ya kuomba nyingine. Baada ya mazishi, ukoo ulikaa ukamwambia arudi kwao kwa sababu hana mtoto. Mimba ilipoonekana, Kailemia alisema si ya Mutuma. Mwezi wa Agosti mtu alimwagia mlango wake mafuta ya taa alfajiri, akawasha, na mvua ikauzima. Alikwenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

"Walisema nini?"

"Ati ni mambo ya nyumbani, niende kwa wazee. Sikuwa hata nimefika barabarani, Kailemia akanipigia. Akaniambia neno kwa neno nilichosema pale kaunta."

"Nani alikuwa kaunta?"

"Jina silijui. Nikimwona nitamjua."

"Utamwona," Maxine alisema. "Endelea."

"Mimi nilimwambia Bundi asiambie askari yeyote. Hata wakimwuliza vipi. Nilimwapisha." Alimtazama mtoto. "Sikujua nitamfunga jela."

"Ameshika kiapo chake vizuri sana. Tatizo lake ni miraa tu."

Kinya hakuelewa, na Mithika akamweleza. Alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na Mwalimu akamletea kikombe cha uji akamsimamia mpaka akanywa.

Kulikuwa na ugumu mmoja. Kinya alikuwa tayari kutoa maelezo, lakini hakutaka kurudi Meru.

"Peleka hiyo karatasi. Nimeweka sahihi na kidole."

"Karatasi watasema nimeiandika mwenyewe," Maxine alijibu. "Wakili wa serikali aliniambia nilete mwanamke. Sitakulazimisha. Ukikaa, nitapeleka karatasi, nitabishana, na pengine nitashinda baada ya mwezi. Ukija, itachukua dakika kumi."

"Na Kailemia akiwa hapo?"

"Atakuwa hapo. Hajakosa siku hata moja."

"Niko na mtoto wa siku kumi na moja, Madam."

"Najua. Na mama yake Bundi yuko na mtoto wa miaka thelathini na mbili."

Maxine alisema hivyo kama mtu anayesoma idadi kwenye orodha. Kinya alimfunika mtoto blanketi vizuri. Halafu akamuuliza Mwalimu kama lile koti lake jeusi bado liko. Mwalimu alisema liko, na kwamba yeye pia anakwenda, na kwamba atakaa kiti cha mbele kwa sababu ya magoti.

Maxine alimpigia wakili wa serikali kwa simu yake mwenyewe, akasema maneno mawili: "Namleta mwanamke." Wakili akamwomba ayarudie.

Asubuhi ya Ijumaa chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa mpaka madirishani. Mwenye kipindi cha mtandaoni alikuwa amefika Meru kwa mara ya kwanza, na simu yake ilikuwa imechukuliwa mlangoni. Kailemia alikaa safu ya pili, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti. Mama yake Bundi alikuwa peke yake kwenye benchi. Watu walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili. Kinya aliingia kwa mlango wa pembeni akiwa amebeba mtoto ndani ya koti jeusi, na kitambaa cha kichwa kilichoshuka hadi kwenye nyusi, akakaa kwenye nafasi hiyo. Mama yule hakugeuka.

Jaji aliketi. Karani alisimama na karatasi ya mashtaka.

"Mheshimiwa," wakili wa serikali alisema, "kabla shtaka halijasomwa, upande wa mashtaka una maombi."

"Maombi gani?"

"Tunaomba kuliondoa. Marehemu yuko mahakamani."

Jaji alivua miwani. "Mwili umeletwa humu ndani?"

"Kwa namna fulani, Mheshimiwa."

"Wakili, sina subira ya mafumbo asubuhi. Marehemu yuko wapi?"

Kinya alisimama na kuvuta kitambaa nyuma. Mtu alipiga kelele. Mama yake Bundi aligeuka, akaona uso, akaona mtoto, na akashika ukingo wa koti kwa mikono yote miwili kama anayezuia mtu asianguke.

"Jina lako?" jaji aliuliza.

"Kinya, Mheshimiwa. Bibi ya marehemu Mutuma."

"Uko hai?"

"Niko."

"Uliondoka kwa hiari yako?"

"Niliondoka kwa woga. Lakini nilipanda gari kwa hiari yangu. Huyo mnayemshtaki alinitoa. Hajaniua, Mheshimiwa, ameniokoa. Na huyu mtoto pia."

Kicheko kilianzia nyuma na kuja mbele, na jaji alikiacha kipite kabla ya kugonga meza. Kailemia alikuwa tayari amesimama. Alifika mlangoni, akamkuta Mithika, ambaye alimshika kiwiko kwa adabu na kumwambia, "Mzee, twende pale kando. Ni maswali machache tu ya siku ile ya leso."

Shtaka liliondolewa saa tatu na dakika ishirini na nane. Maxine aliandika saa hiyo kwenye daftari. Ripoti ya Agosti ingefunguliwa Jumatatu, pamoja na jalada la askari wa kaunta, na kazi hiyo ingekuwa mbaya na ndefu. Kwa sasa alifunga daftari.

Bundi alitolewa kwa mlango wa nyuma, akapewa mkanda wake, kamba za viatu na ufunguo wa pikapu kwenye bahasha. Hakwenda mbali. Aliketi kwenye ngazi za mahakama, juani, akaanza kutia kamba kwenye viatu, tundu moja baada ya jingine, bila haraka. Mama yake aliketi upande mmoja. Kinya aliketi upande wa pili na kumwekea mtoto mapajani bila kumuuliza, na Bundi akabaki na kiatu kimoja mkononi, asijue akiweke wapi.

Askari mmoja alikuja akipanda ngazi na mafaili. "Wewe, toka hapo, unaziba njia."

Bundi aliinuka mara moja, macho chini, akasogea ukutani na mtoto mikononi. Alisimama hapo kidogo. Halafu akarudi pale pale, akaketi, na askari akampita kando.